Pakiti ya kwanza ndiyo hupata tabu: historia ya madaraja ndani ya kompyuta

Mimi ni mtu wa Bombolulu. Shangazi yangu yuko Likoni, kule Shika Adabu. Nikitaka kwenda kumjulia hali napanda matatu, navuka daraja la Nyali, naingia kisiwani, nabadilisha gari, nateremka feri, nasimama juani na mamia ya watu, halafu ndiyo navuka tena. Rafiki yangu wa Magongo, Changamwe, naye nikimtaka ni Nyali, town, Makupa, ndiyo nifike. Watu wa kisiwani hawayajui haya. Sisi wa ng'ambo ndio twajua kwamba jirani aweza kuwa karibu kwa macho na njia ya kwenda kwake ikawa mbali.

Leo nataka kuwahadithia historia ya kuvuka, lakini si ya watu. Ni ya pakiti, vile vipande vidogo ambavyo kila video na kila sauti ya WhatsApp hukatwa kabla ya kusafirishwa. Kuna mmoja wenu aliniuliza chini ya video yangu ya seva: "Sasa kama kompyuta moja ina kompyuta kumi za ndani, na hakuna waya wowote, hizo zaongeaje?" Nikaanza kumjibu kwa mistari mitatu, nikaona haitoshi. Jibu lake lina miaka hamsini, na katikati yake kuna kisa cha hapa hapa Kenya ambacho wengi wetu hatukufunzwa. Msikimbie. Hesabu ni moja tu, na ni ya kujumlisha.

Waya mmoja, kelele za wote

Mwaka 1973 huko California, kwenye maabara ya Xerox, Robert Metcalfe na wenzake walibuni Ethernet. Kompyuta zote zilichomekwa kwenye waya mmoja mrefu. Moja ikiongea, zote zasikia. Mbili zikiongea pamoja, maneno yagongana na lazima zirudie. Kompyuta zikiwa tano hamna shida. Zikiwa mia, ni matatu ya asubuhi na kila abiria ameweka simu kwenye spika.

Miaka ya mwanzo ya 1980, fundi wa kampuni ya DEC aitwaye Mark Kempf akapata dawa. Ukate ule waya vipande viwili, katikati uweke kisanduku. Kisanduku hicho wakakiita daraja. Ujanja wake si kuvusha. Ujanja wake ni kujua nani wa kumvusha na nani wa kumwacha upande wake.

Kilijuaje na hakuna mtu aliyekiandikia majina? Fikiria makanga mgeni kwenye njia ya Kisauni. Siku ya kwanza hamjui mtu. Ukimpa mzigo wa Mama Fatuma, apiga kelele kila steji: "Mama Fatuma! Mama Fatuma!" Lakini kila mtu akipanda, yeye aangalia amepandia wapi. Baada ya wiki ukimpa mzigo hasemi kitu, aushusha Mlaleo kimya kimya, kwa sababu amekwisha kumwona mama akipandia pale.

Daraja nalo ni hivyo hivyo. Pakiti ikiingia, latazama imetoka kwa nani na imeingilia mlango gani, laandika kwenye jedwali lake. Halafu latazama yaenda kwa nani. Jina likiwa kwenye jedwali, laitoa mlango huo tu. Likiwa ni la upande ule ule ilikotoka, haivuki kabisa. Likiwa halijulikani, laitoa milango yote isipokuwa ule ilioingilia. Hayo ndiyo yote. Swichi unayoiona leo kwenye saiba ya mtaani ni daraja hilo hilo likiwa na milango mingi, na lile daraja la ndani ya kompyuta, lisilo na kisanduku, hufuata sheria zizo hizo.

Shida ya duara

Sasa hivi barabara ya Dongo Kundu imeifanya Mombasa yetu iwe na duara. Kutoka kisiwani waenda Makupa, Changamwe, Miritini, Dongo Kundu, watokea Likoni, wapanda feri, umerudi kisiwani. Kwa gari ni neema, feri ikiharibika una njia nyingine.

Kwa pakiti duara ni msiba. Kumbuka ile sheria ya jina lisilojulikana: itoe milango yote. Daraja la kwanza laituma nakala kila upande, la pili nalo vivyo hivyo, nakala zazunguka zarudi mlango wa nyuma, zatolewa upya. Pakiti ya ngazi hii haina hesabu ya mara ngapi imevushwa, kwa hivyo haichoki na haifi. Tangazo moja linaloulizwa kwa wote laweza kujaza mtandao mzima ndani ya sekunde.

Mwaka 1985 mama mmoja hapo hapo DEC, Radia Perlman, alilimaliza tatizo hilo. Akafanya madaraja yaongee yenyewe kwa yenyewe, yachague moja liwe mzizi, kisha kila njia ya ziada ifungwe mpaka ramani ibaki kama mti: kutoka jani lolote hadi jani lolote, njia ni moja. Ile iliyofungwa haivunjwi. Yangoja. Nyingine ikikatika, yenyewe yafunguliwa. Na alipoieleza kazi yake, akaiandikia na shairi. Sisi wa mji wa Muyaka hatuna haki ya kumcheka fundi anayetunga shairi.

Shikeni hilo la duara. Litanirudia vibaya mbele.

Mwezi swichi ilipozimwa Nairobi

Hiki ndicho kisa cha kwetu. Mwisho wa miaka ya 1990, kama wewe uko Kisauni na kampuni yako ya intaneti ni moja, na shangazi yuko Likoni na kampuni yake ni nyingine, barua pepe yako ilisafiri hivi: yapanda setelaiti, yashuka Marekani au Ulaya, huko ndiko kampuni zenu mbili zakutana, halafu yapanda setelaiti tena, yashuka Kenya. Setelaiti hizo hukaa kilomita kama 36,000 juu. Jumlisha kupanda, kushuka, kupanda, kushuka. Ni kilomita 144,000. Hata mwanga wenyewe wachukua karibu nusu sekunde, na jibu likirudi njia ile ile, sekunde nzima imekwisha kabla mashine yoyote haijafanya kazi. Na njia hiyo yote yalipiwa kwa dola. Feri ya Likoni angalau wamwona mtu wa upande wa pili.

Novemba 2000, kampuni za intaneti kupitia chama chao, TESPOK, zikafungua KIXP jijini Nairobi. Kiini chake kilikuwa kitu mnachokijua tayari: swichi. Kila kampuni yaleta rauta yake, yachomeka. Rauta ndizo zaelewana nani ana wateja gani, swichi kazi yake ni kuvusha kutoka mlango huu hadi ule. Pakiti ya Mkenya kwenda kwa Mkenya yaishia hapo, haioni setelaiti.

Kabla mwaka haujaisha, kikafungwa. Telkom Kenya wakati huo ndiyo iliyokuwa na haki ya peke yake ya kubeba mawasiliano ya nje, ikalalamika kwamba kituo hicho chaivunja haki hiyo. Mdhibiti, CCK, akaamua kituo hakiwezi kuendelea bila leseni. Wahandisi wakaeleza na kueleza tena: jamani, hii si ya nje, hii ni ya ndani, ndiyo maana yake hasa. Ikachukua zaidi ya mwaka. Leseni ikatoka, na Februari 2002 swichi ikawashwa tena. Baadaye KIXP ikafungua kituo Mombasa pia.

Sasa tazameni tarehe hizi mbili pamoja. Januari 2001, wakati KIXP imezimwa, Linux 2.4 ilitoka kwa dunia nzima, bure, na ndani yake mlikuwa na daraja la programu, kazi ya Lennert Buytenhek. Mtu yeyote mwenye kompyuta kuukuu na kadi mbili za mtandao angeweza kuifanya swichi. Kanuni yenyewe ilikuwa bure. Kilichokosekana kwetu kilikuwa ruhusa.

Najua kuna atakayesema: lakini si mwaka 2009 nyaya za baharini zilikuja? Ndiyo, TEAMS na SEACOM zilitua hapa hapa Mombasa, na SEACOM ikaanza kazi Julai mwaka huo. Zilibadilisha maisha. Lakini waya wa baharini wakupeleka mbali kwa haraka. Hauwezi peke yake kukuleta karibu na jirani. Bila mahali pa kukutania nyumbani, ungekuwa umebadilisha tu setelaiti kwa manowari, na safari ya Ulaya ingebaki pale pale.

Kompyuta ndani ya kompyuta

Turudi kwa yule aliyeuliza. Miaka ya 2000 watu wakaanza kuigawa kompyuta moja iwe nyingi. VMware ilikuwa na ESX mwaka 2001, Xen ikatoka 2003, na 2007 KVM ikaingia ndani ya Linux yenyewe. Kila mashine ya ndani yadhani ina kadi yake ya mtandao. Kadi hiyo ni programu. Na programu hiyo imechomekwa kwenye daraja ambalo nalo ni programu. Jedwali la majina lakaa kwenye RAM. Sheria ni zile zile za Kempf, hazikubadilika hata moja.

Daraja moja ni rahisi. Lakini ukitaka mawili? Hapo mwaka 2008 Linux ikapata veth: waya wa kuigiza wenye ncha mbili. Ukiingiza kitu ncha hii, chatokea ncha ile. Ncha moja waichomeka daraja la kwanza, nyingine daraja la pili.

Mimi nilijifunzia hapo. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikwisha, hadithi mnaijua kwa sababu wengi wenu ni yenu pia. Nilirudi Bombolulu sina laptopu. Mjomba wangu hufanya kazi za kliaringi na fowadingi, yeye ana yake, akawa aniachia usiku. Nikaunda madaraja mawili, moja nikaliita kisauni, jingine likoni. Kwenye kisauni nikaweka mashine inaitwa mimi, kwenye likoni nikaweka shangazi. Katikati nikapitisha veth, nikaiita feri.

Nikatuma pakiti, nikakaa natazama. "Mimi" yauliza kwa wote: shangazi yuko wapi? Daraja la kisauni laandika kwamba mimi yuko mlango wa kwanza, halafu latoa swali milango yote, pamoja na feri. Swali latokea likoni. Likoni nayo yaandika: mimi yuko upande wa feri. Yatoa swali milango yote, shangazi asikia, ajibu. Sasa likoni haipigi kelele tena, yajua mimi yuko wapi, yaipa feri. Kisauni yaandika: shangazi yuko upande wa feri. Kuanzia hapo ni moja kwa moja. Wakinyamaza dakika tano, majina yafutwa, na kazi ya kuulizana yaanza upya.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba daraja la likoni halijui kama kuna daraja jingine. Kwa hesabu zake, watu wote wa Kisauni wakaa ndani ya feri. Na bado pakiti zafika. Hakuna anayejua ramani yote. Kila mmoja ajua mlango wa kutokea, basi.

Halafu nikapata tamaa. Nikasema, mbona feri moja, niweke mbili, itakuwa haraka zaidi.

Mmeona kinachokuja. Veth mbili kati ya madaraja mawili ni duara. Na kwenye Linux ile kazi ya Radia Perlman ipo, lakini huja imezimwa mpaka uiwashe mwenyewe. Mimi sikujua hata jina lake. Swali moja tu la "shangazi yuko wapi" likaanza kuzunguka. Feni ya laptopu ikalia kama jeti, skrini ikaganda, nikabonyeza kitufe nikaizima kwa nguvu. Ndani mlikuwa na makaratasi ya mzigo wa mteja ambayo mjomba hakuwa amehifadhi.

Asubuhi nikamwendea. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umeifanya nini kompyuta yangu?"

Nikamweleza. Nikamwambia ni kama kontena ambalo kila ofisi yalipeleka kwa ofisi nyingine kwa sababu hakuna aliyejua mwenyewe ni nani, na kila ofisi yatoa kopi. Alinyamaza, halafu akasema, "Hiyo mbona ni bandarini kwetu." Lakini hakucheka. Alilipa mtu kuyaandika upya yale makaratasi, na laptopu sikuiona mwezi mzima.

Daraja ambalo halipo

Mwezi ule nilisoma kwenye simu. Ndipo nikakutana na Open vSwitch. Ilianzishwa na kampuni ya Nicira, ikatolewa bure mwaka 2009, na Machi 2012 sehemu yake ikaingia Linux 3.3. Julai mwaka huo VMware ikainunua Nicira kwa zaidi ya dola bilioni 1. Pesa hizo zote kwa watu waliofikiria upya swichi ambayo huwezi kuigusa kwa mkono.

Open vSwitch ina sehemu mbili. Moja iko ndani ya keneli, kiini cha Linux. Hiyo ni haraka sana lakini haifikirii, yafuata mistari iliyoandikiwa tu. Nyingine ni programu ya nje ya keneli. Hiyo ni polepole, lakini ndiyo yenye akili na majedwali yote.

Sasa uwe na madaraja mawili ndani yake, kisauni na likoni. Hutumii veth. Watumia mlango wa pachi: waliambia kila daraja, mlango huu mwenzake ni ule. Pakiti ya kwanza ya mimi yaingia. Keneli yatafuta mstari, haioni. Yaipandisha juu kwa programu. Programu yaitembeza kwa mawazo: jedwali la kisauni lasema nini? Itoke mlango wa pachi. Haya, mlango wa pachi watokea likoni, kwa hivyo endelea, jedwali la likoni lasema nini? Itoke mlango wa shangazi. Basi. Programu yaituma, halafu yaandikia keneli mstari mmoja: pakiti za aina hii zikiingia mlango wa mimi, zitoe mlango wa shangazi.

Someni mstari huo tena. Kisauni haimo. Likoni haimo. Feri haimo. Pakiti ya pili na zote zitakazofuata zaruka kutoka mlango wa mimi hadi wa shangazi kwa hatua moja. Madaraja mawili yapo kwenye mpango wa fundi, lakini pale pakiti inapopita hayapo. Zamani mlango wa pachi ulikuwa ndani ya keneli pia, ukaondolewa huko kwa sababu hapakuwa na haja ya kuvuka kitu ambacho ushajua upande wake wa pili.

Lina mipaka yake. Pachi yaunganisha madaraja ya Open vSwitch tu, na ndani ya kompyuta moja. Ukitaka kuliunganisha na daraja la kawaida la Linux, warudi kwa veth, kama ilivyofanyika miaka mingi kwenye OpenStack, ambapo pakiti ya mashine moja yapita daraja la Linux kwanza kwa ajili ya ulinzi, halafu veth, halafu Open vSwitch, halafu pachi ndiyo itoke nje. Na ule mstari wa keneli haudumu: zikinyamaza kama sekunde 10, hufutwa, na inayofuata yapanda tena juu kuuliza.

Kwa nini nawaambia haya

Kwa sababu nimechoka kusikia kwamba vitu hivi si vya watu wa Kisauni na Likoni. Sisi habari zetu ni visu tu, ama uvivu, ama ufukweni. Nami nawaambia hakuna watu wanaoelewa swichi kwa haraka kama watu wanaovuka kila siku. Mtoto wa Mtongwe ajua maana ya foleni, ajua maana ya njia kufungwa, ajua kwamba njia ya karibu yaweza kuzuiwa na mtu aliye na barua. Kilichobaki ni majina tu.

Na historia yote hii, ukiitazama, ni swali moja laulizwa na watu tofauti: kwa nini jirani azunguke? Kempf aliuliza akatengeneza kisanduku. Wale wa KIXP waliuliza wakazimiwa swichi, wakarudi. Open vSwitch ikauliza mpaka daraja lenyewe likatoweka. Na kila mara kuna mmoja wa kwanza anayepanda juu, anayeulizwa maswali yote, anayechelewa, ili wanaomfuata wapate mstari ulioandikwa tayari. Na kwa sababu mstari hufutwa ukikaa bila kutumiwa, lazima watu wapite.

Mjomba alinirudishia laptopu. Akaniambia, "Chukua. Lakini usiunganishe mara mbili." Siku hizi mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha tatu, hukaa ubavuni mwangu usiku. Juzi aliunda madaraja yake mawili, akayaunganisha kwa dakika kumi. Mimi lilinichukua wiki tatu na makaratasi ya mjomba. Kabla hajaweka waya wa pili, akanigeukia akauliza, "Hii ya Perlman nimeiwasha?"

Alikuwa ameiwasha.